Kikilowa kinakuwaje? Kuchagua vifaa vya kupanda milima kwa joto, mvua na baridi

Swali: "Shikamoo mzee. Mwaka jana nilianza kupanda milima na kulala njiani kwa vifaa vya kuazima. Sasa nataka vyangu. Natembea wakati wa joto na wakati wa mvua, na nina hamu ya kujaribu milima yenye baridi kali. Kila rafiki ananitajia kampuni yake, na mtandaoni kila kitu kina nyota tano. Ninunue nini, nianze na kipi, na nitajuaje kwamba hakitaniangusha?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo, nami nitaanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloyabeba mengine.

Kifaa kisichoangusha hakipo. Buti litachakaa, zipu itakwama, hema litavuja siku moja. Kinachotofautisha kifaa cha kuaminika na kisichoaminika ni namna kinavyoharibika. Kuna kinachokupa taarifa mapema na kukuacha ufike ulikokuwa unakwenda, na kuna kinachokatika ghafla usiku wa manane mvua ikinyesha. Kwa hiyo ukishika kitu dukani, usikimbilie kuuliza kinafaa majira gani. Uliza: kikilowa kinakuwaje? Kikiganda je? Kikikatika, ninaweza kukifunga kwa kamba nikaendelea na safari? Muuzaji anayeijua kazi yake atakujibu. Asiyeijua atakuonyesha rangi nyingine.

Halafu hayo majira yenyewe usiyahesabu kwa kalenda. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukianza safari bondeni kwenye nyuzijoto 25 na kwenda kulala mita 2,500 juu zaidi, umehama majira ndani ya siku: kule juu kuna nyuzijoto 9 hivi, tena kabla jua halijazama. Ongeza upepo. Hewa ya nyuzijoto 0 ikivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi huisikia kama nyuzijoto 7 chini ya sifuri. Ndiyo maana nasema vifaa vinunuliwe kwa kuitazama saa mbaya kuliko zote katika safari, ile ya alfajiri yenye upepo na unyevu. Mchana mzuri hauhitaji ushauri wa mtu.

Anza na miguu. Ukikosea koti utalowa, lakini ukikosea viatu hutembei. Tena uzito wa miguuni hauhesabiwi kama wa mgongoni: watafiti wa jeshi la Marekani waliolipima jambo hili miaka ya 1980 walikuta kwamba kilo moja miguuni hula nguvu takriban mara tano ya kilo hiyohiyo ikiwa mgongoni. Kwa hiyo simshauri anayeanza akimbilie buti zito la ngozi kwa kuwa tu linaonekana la kikomando. Kwenye joto na njia kavu, raba nyepesi za milimani zenye soli ya meno zinatosha kabisa. Mwaka 1955 bibi mmoja wa Marekani, Emma Gatewood, akiwa na umri wa miaka 67, aliitembea Appalachian Trail yote, njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, zaidi ya kilomita 3,000, kwa raba za kawaida za turubai na mfuko aliojishonea mwenyewe. Simtaji ili umwige, maana alimaliza pea kadhaa za raba hizo njiani. Namtaja kwa sababu mtu akikwambia huwezi kwenda popote bila buti la bei kubwa, una jibu la kumpa.

Kwenye mvua ya joto ndipo watu wengi wanapochagua vibaya, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa miaka mingi. Kiatu chenye utando wa kuzuia maji huyazuia pande zote mbili. Maji yakiingia kwa juu, na yataingia, ama kwa kuteremka kwenye soksi ama ukivuka kijito, hayana pa kutokea. Utatembea na karai mguuni hadi kesho kutwa. Kiatu cha kitambaa cha wavu hulowa mara moja, lakini maji huyatoa hatua kwa hatua na kinakauka ukiwa unatembea. Kwa hiyo penye joto, hata kama mvua ni nyingi, chukua kisicho na utando, uwe na soksi mbili za kubadilisha na pea ya tatu isiyoguswa mchana, ya kulalia tu. Penye baridi mambo yanageuka. Mguu uliolowa kwenye nyuzijoto 3 haukauki, unakufa ganzi. Hapo utando au ngozi iliyopakwa nta vina kazi ya kweli, pamoja na soksi nene za sufu na nafasi ya kuchezesha vidole. Soksi mbili zilizobanana ndani ya kiatu kilichojaa hupunguza damu kufika vidoleni, na mguu unapoa zaidi kuliko ungevaa moja.

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za siku, ukiwa na soksi zilezile utakazotembea nazo. Vifunge, kisha simama kwenye mteremko ukiangalia chini. Vidole vikigusa mbele, viatu hivyo viache hapohapo, hata kama wanakwambia vitapanuka. Upana vitaongeza kidogo, urefu haviongezi. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, malengelenge yameshaandikwa. Kipimo changu ni upana wa kidole gumba kati ya ncha ya kidole kirefu na mbele ya kiatu.

Kuhusu soli nina kisa, na kinalihusu swali lako la kudumu. Soli za mpira zenye meno unazoziona leo kwenye karibu kila kiatu cha mlimani zilianza na Mwitalia Vitale Bramani, aliyezibuni baada ya wapanda milima sita kufa mwaka 1935 katika Alps, msiba ambao viatu visivyofaa vilihusishwa nao. Soli yake ilitoka mwaka 1937, na jina Vibram limetokana na jina lake. Mpira huo wa nje huchakaa taratibu na unauona ukichakaa. Tatizo liko juu yake, kwenye soli ya kati ambayo huioni. Viatu vingi vina soli ya kati ya poliyurethani, na poliyurethani huozeshwa na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa kabatini hakivaliwi. Mimi nilikuwa na buti nililolipenda mno, nikawa nalitunza kwa safari kubwa tu. Siku ya safari kubwa, saa mbili baada ya kuanza, soli ya kulia ilibaki nyuma kwenye tope kama ndala. Saa moja baadaye ya kushoto ikaifuata. Nilishuka nimefunga viatu kwa mikanda ya begi, na wenzangu wanalisimulia hadi leo. Basi buti lililokaa miaka mingi, liwe lako au la mtumba, likunje kwa nguvu na ubonyeze soli ya kati kwa kidole. Ikiwa na nyufa, au inamomonyoka kama keki kavu, usiende nalo popote. Na usilirundike kwenye mfuko wa plastiki kwa kudhani unalitunza.

Sasa mavazi. Hapa adui mkubwa ni jasho lako mwenyewe, mvua inafuata. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, na haijalishi yametoka mawinguni au kwapani. Haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzijoto 35, haihitaji theluji. Mvua, upepo na nyuzijoto 10 vinatosha kumfikisha mtu mzima pale anapoanza kuongea ovyo na kushindwa kufunga zipu.

Watu wanasema pamba ni mwiko. Si kweli kwa joto kavu: shati jepesi la pamba lililolowa jasho kwenye jua kali ni neema. Lakini pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania, na jua likizama neema hiyo inakuwa sanda. Kwa sehemu yoyote ambayo jioni kutakuwa na ubaridi, vazi linalogusa ngozi liwe la poliesta au la sufu laini ya kondoo wa merino. Poliesta haiingizi maji ndani ya nyuzi zake, karibu hakuna kabisa, kwa hiyo hukauka upesi, ila siku ya pili hunuka hadi mwenzako wa hema anaomba kuhamishwa. Sufu huweza kubeba mvuke hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujasikia imelowa, na hainuki kirahisi. Udhaifu wake ni kuchanika: sufu nyembamba kabisa hupata matundu mabegani kwa msuguano wa begi. Mimi navaa poliesta mchana, sufu usiku. Ukiwa na uwezo wa kununua moja tu, nunua ya sufu ya unene wa kati.

Juu ya hilo unaweka tabaka la joto, na juu yake ngao ya upepo na mvua. Hili umeshalisikia. Pengine hujaambiwa kwamba tabaka ni za kuvuliwa kuliko kuvaliwa. Ukianza kutembea asubuhi usikie ubaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto la kupendeza, baada ya dakika kumi umeshalowa kwa ndani, na kituo cha kwanza utatetemeka. Kwa tabaka la joto wakati wa kutembea, flisi nyepesi, lile sweta la poliesta lenye manyoyamanyoya, ndiyo mpenzi wangu wa siku zote: haizibi mvuke, ikilowa unaikamua na kuivaa tena, na hata ikitoboka na cheche haifi. Koti zito lililojazwa manyoya ni la kuvaa ukisimama, si la kutembelea.

Koti la mvua lina hadithi ndefu, na nyingi ni za matangazo. Mwaka 1969 Robert Gore aligundua kwamba plastiki ya PTFE ikivutwa ghafla hugeuka utando wenye vitundu vidogo mno vinavyopitisha mvuke na kuzuia matone. Makoti mengi ya leo yanafuata wazo hilo au kitu kinachofanana nalo. Lakini mvuke hautoki kwa hisani. Unasukumwa na tofauti kati ya ndani na nje. Nje kukiwa na baridi kavu, unatoka vizuri. Nje kukiwa na mvua ya joto, hewa imeshajaa unyevu, hakuna msukumo, na koti linalojisifu kupumua halipumui. Ndiyo maana kwa mvua ya joto mimi hutazama zipu za kwapani kabla ya kusoma jina la utando, na mara nyingi zaidi hutembea na mwavuli mwepesi, nikichekwa mpaka saa ya kwanza ya mvua iishe. Mwavuli haufai kwenye upepo wala kichakani. Mahali pengine pote ni mfalme.

Zile namba za milimita kwenye lebo ni urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaihimili kabla ya kuvuja: milimita 10,000 ni safu ya mita 10. Kwa mvua ya kawaida hiyo inatosha. Mikanda ya begi inapogandamiza mabega kwa siku nzima, au ukitaka kukaa kwenye theluji, tafuta 20,000. Koti likianza kuloa usilitupe upesi. Kwa kawaida kilichokufa si utando, ni dawa ya juu ya kitambaa inayofanya matone yajiviringe. Ikiisha, kitambaa cha nje kinakunywa maji, mvuke unakosa njia, na wewe unalowa jasho ukidhani ni uvujaji. Lifue kwa sabuni isiyo na laini ya nguo, lisuuze sana, likaushe kwa joto la wastani kama lebo inaruhusu, na mara nyingi matone yatarudi kuviringika. Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi kwa sababu makampuni yanaachana na kemikali za PFAS zilizokuwa zikitumika zamani katika dawa hiyo, na kwa haki kabisa maana haziozi katika mazingira. Dawa mpya hufukuza maji vizuri lakini hazifukuzi mafuta, kwa hiyo mafuta ya shingo na ya kujipaka dhidi ya jua huziua mapema. Koti jipya linataka kufuliwa mara nyingi kuliko la zamani, kinyume cha wanavyofanya watu.

Twende kulala. Mfuko wa kulalia una namba, na ndizo zilizonitesa usiku mmoja nilipokuwa kijana. Niliazima mfuko ulioandikwa kwa herufi kubwa nyuzijoto 10 chini ya sifuri, nikaenda nao mahali pa nyuzijoto 1 tu, nikakesha nikihesabu nyota. Kumbe ile namba kubwa ilikuwa ya hatari. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 23537 huwa na namba tatu. Ya kwanza ni ya starehe, inayokadiriwa kwa mwanamke wa wastani aliyelala ametulia. Ya pili ni ya kikomo, kwa mwanamume wa wastani aliyejikunyata. Ya tatu ni ya kunusurika: hutakufa, pengine, lakini kulala sahau tu, na hata haipothemia inaweza kukupata. Nunua kwa kutazama ya starehe, hata kama wewe ni mwanamume, hata kama wewe husikii baridi. Lebo ikiwa na namba moja bila maelezo, ichukulie kuwa ndiyo ya tatu hadi uthibitishiwe vingine.

Ndani ya mfuko kuna manyoya laini ya bata au nyuzi za kiwandani. Manyoya ni mepesi, hujikunja kuwa kitu kidogo, na yakitunzwa hudumu miaka mingi sana. Ubora wake husemwa kwa namba kama 600 au 800, ambayo ni ujazo ambao aunsi moja ya manyoya inajaza ikiachiwa ivimbe, kwa inchi za ujazo. Sasa lile swali letu: yakilowa yanakuwaje? Yanashikana kama pamba ya mto uliotumbukia kisimani na joto linakwisha. Nyuzi za kiwandani zikilowa hubaki na sehemu ya joto lake, na zinakauka upesi, ingawa ni nzito zaidi na kila unapozikandamiza ndani ya begi zinapoteza kidogo cha uvimbe wake. Kwa baridi kavu, chukua manyoya bila kufikiri mara mbili. Kwa safari ya siku nyingi za mvua na nyuzijoto kati ya 0 na 10, mimi huchukua nyuzi za kiwandani na kuvumilia uzito. Vyovyote utakavyochagua, nyumbani usiuhifadhi ukiwa umebanwa kwenye kifuko chake kidogo. Utundike, au uuweke kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa.

Halafu kuna godoro, na hapa watu wengi wanabana matumizi mahali pasipofaa. Chini yako manyoya yote yamelaliwa na hayana hewa, kwa hiyo kinachokutenga na ardhi ni godoro peke yake. Uwezo wake hupimwa kwa namba ya R. Tangu 2018 kuna kiwango cha pamoja cha kuipima, ASTM F3340, kwa hiyo sasa unaweza kulinganisha kampuni na kampuni. Kwa joto, R ya 1 au 2 inatosha. Kwa usiku unaokaribia kuganda tafuta karibu 4. Kwenye theluji, 5 na zaidi. Na namba hizi hujumlishwa: godoro la povu la R 2 chini ya la kujaza hewa la R 3.5 linakupa 5.5. Huo ndio mpango ninaoupenda kwa anayetaka vifaa vya majira yote bila kununua kila kitu mara mbili. Godoro la hewa likitoboka usiku limekwisha, lakini la povu hata ulikate kwa kisu bado ni godoro.

Hema ni jambo ambalo wengi hulitumia fedha nyingi kupita haja. Maduka huyagawa kuwa ya "misimu mitatu" na ya "misimu minne", na msomaji anadhani ya minne ni bora kwa kuwa minne ni mingi kuliko mitatu. La hasha. Hema la misimu minne limetengenezwa kubeba theluji na kusimama kwenye dhoruba: mihimili minene, wavu kidogo, kitambaa kinachofika hadi chini. Kwenye joto ni tanuri, na kwenye mvua ya joto mvuke wa pumzi zenu hukaa ndani na kuwadondokea usiku kucha. Chukua la misimu mitatu lenye milango miwili na matundu ya hewa yanayofunguka mvua ikinyesha. Mihimili iwe ya aluminiamu. Ya kaboni ni miepesi ila huvunjika ghafla, ya nyuzi za kioo hupasuka na kuchoma vidole, lakini ya aluminiamu hupinda kwanza, nawe unaivika kipande cha bomba kilichokuja na hema na kulala salama. Kama kitambaa ni cha nailoni, jua kwamba nailoni ikilowa hulegea. Hema ulilolivuta vizuri jioni litakuwa limelegea saa nne za usiku, si kwamba ulikosea. Toka ukaze kamba. Poliesta hailegei hivyo. Na jua la mchana ndilo linaloua vitambaa vyote, kwa hiyo usiliache hema limesimama juani kutwa nzima kwa uvivu.

Begi la mgongoni, shanta kama tulivyoliita zamani, nimeliacha nyuma makusudi. Linunue mwisho, ukiwa umeshakusanya vitu vyako, uende navyo dukani ukavitie ndani. Anayenunua begi kwanza hununua kubwa, na begi kubwa halijawahi kukaa nusu tupu. Kinachopimwa ni urefu wa mgongo, kuanzia lile fundo la mfupa linalotokeza chini ya shingo ukiinamisha kichwa, hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Urefu wako wa kusimama haukusaidii hapa. Mkanda wa kiunoni uikalie mifupa ya nyonga na kubeba sehemu kubwa ya mzigo, na mabega yafanye kazi ya kuzuia tu begi lisirudi nyuma. Mzigo wote usizidi sana moja ya tano ya uzito wako. Angalia pale mikanda inaposhonewa kwenye begi, kama kuna mishono iliyosongamana na kurudiwa, na kama bizimu zinaweza kubadilishwa bila kufumua. Usitegemee kuambiwa kwamba begi halipitishi maji. Weka mfuko mkubwa wa plastiki nene ndani, kila kitu kikae humo. Gharama yake ni ndogo kabisa na hauna zipu ya kuharibika.

Vidogo vidogo nitavipita haraka. Mtungi wa gesi wa jiko: soma mchanganyiko. Butani ya kawaida haigeuki mvuke chini ya nyuzijoto 0.5 chini ya sifuri, isobutani huendelea hadi takriban 12 chini, propani hadi 42 chini. Kwa baridi, mtungi wa butani peke yake ni kopo la kuchezea. Na usiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa, hata mvua ikiwa ya gharika, maana kaboni monoksidi haina harufu. Chujio la maji la mirija midogo, likiganda mara moja tu likiwa na maji ndani, hupasuka mahali usipopaona na kuendelea kutoa maji yanayoonekana safi. Hicho ndicho kifaa kinachoharibika kwa namna mbaya kuliko vyote nilivyovitaja, kwa hiyo usiku wa baridi lala nalo ndani ya mfuko. Tochi ya kichwani: betri za lithiamu huvumilia baridi, za alikali huchoka. Miwani: mionzi ya urujuani huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1,000, na theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 yake, kwa hiyo kule juu miwani ni kifaa, si urembo.

Kuhusu milima yenye baridi kali, nikuombe kitu. Baridi bila theluji unaweza kuifikia kwa yote niliyoyaeleza, ukiongeza godoro, glavu pea mbili na koti zito. Theluji yenye miteremko ni shule nyingine. Meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu yanataka buti lenye soli ngumu inayolingana nayo, sururu ya barafu inataka mtu aliyefundishwa kujizuia akiteleza, na penye maporomoko ya theluji kila mtu hubeba kifaa cha kutuma mawimbi ya redio ya kilohezi 457, koleo na fimbo ya kuchokolea, ili aliyefukiwa atafutwe na kufukuliwa. Vitu hivyo vikiwa mikononi mwa asiyejua ni mzigo tu. Usivinunue. Lipia mafunzo kwanza, na vifaa uazime au ukodi huko huko.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwako ni huu: viatu na soksi, kisha godoro na mfuko wa kulalia, kisha koti la mvua, kisha hema, begi mwisho. Hema la kuazima linavumilika mwaka mzima, viatu vya kuazima havivumiliki hata siku mbili. Flisi, suruali nyepesi, kofia na vyombo vya kupikia, chukua vyovyote vya bei nafuu, hata vya mtumba. Fedha uliyookoa hapo ipeleke kwenye godoro.

Na zile nyota tano mtandaoni: watu wengi huandika wiki ya kwanza, kifaa kikiwa bado kinanukia upya. Wewe ruka moja kwa moja hadi maoni ya nyota mbili na tatu yaliyoandikwa baada ya mwaka, uangalie kama malalamiko yanafanana. Mmoja akisema zipu ilikatika, bahati mbaya. Kumi wakisema zipu ileile ilikatika mahali palepale, hiyo ni tabia yake.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kabla ya safari yoyote, chagua usiku wenye mvua au ubaridi, usimamishe hema uani, umwombe mtu alimwagie maji ya bomba nusu saa nzima, kisha ulale humo hadi asubuhi na godoro lako na mfuko wako. Mchana wake tembea saa tatu na begi likiwa na mzigo kamili. Ukishamaliza, niandikie tena uniambie ni kitu gani kilikuwa cha kwanza kulowa na ni saa ngapi ulipoamka kwa baridi. Hapo ndipo nitaweza kukushauri cha kubadilisha.